Shamba la miti ya Krismasi

Shamba la miti ya Krismasi ni shamba ambalo miti ya jamii ya misonobari hupandwa na kutunzwa kwa miaka kadhaa, kisha huuzwa kwa ajili ya kupamba nyumba, makanisa na viwanja vya mji wakati wa sikukuu ya Krismasi. Baadhi ya mashamba hayo huuza miti iliyokwisha kukatwa, kwa jumla, na kuisafirisha hadi masoko ya mbali. Mengine humruhusu mnunuzi aingie shambani mwenyewe, achague mti ungali umesimama, aukate kwa msumeno na kuondoka nao. Mashamba ya aina hii ya pili, yaani mashamba ya kujikatia, yameenea hasa Marekani na Kanada, lakini yanapatikana pia Ujerumani, Denmark, Uingereza na nchi nyingine kadhaa.

Nchini Marekani pekee huuzwa takriban miti halisi milioni 25 hadi 30 kila mwaka. Karibu yote hutoka mashambani, si katika misitu ya asili. Majimbo yanayoongoza kwa uzalishaji ni Oregon na North Carolina.

Mti wa Krismasi unaozungumzwa katika makala hii usichanganywe na mkrismasi (Delonix regia), mti wenye asili ya Madagaska unaopandwa kandokando ya barabara nyingi za Afrika Mashariki. Mti huo umepewa jina lake kwa sababu huchanua maua mekundu karibu na mwezi wa Desemba.

Historia

Desturi ya kuweka mti wenye majani mabichi ndani ya nyumba wakati wa Krismasi ilianzia katika nchi zinazozungumza Kijerumani. Wakati wa Karne za Kati, tarehe 24 Desemba ilikuwa kumbukumbu ya Adamu na Eva, na katika michezo ya kidini iliyoonyesha habari za bustani ya Edeni, mti uliotundikwa matofaa uliwakilisha mti wa paradiso. Taarifa ya mwaka 1605 kutoka mji wa Strasbourg inaeleza kwamba watu waliweka miti sebuleni na kuipamba kwa maua ya karatasi, matofaa, kaki nyembamba na vitu vitamu.

Huko Uingereza, Malkia Charlotte, mke wa Mfalme George III aliyekuwa mzaliwa wa Ujerumani, aliweka mti wa namna hiyo huko Windsor mwaka 1800. Hata hivyo desturi yenyewe ilienea kwa umma baada ya mwaka 1848, gazeti moja la London lilipochapisha picha ya Malkia Victoria, mume wake Albert na watoto wao wakiwa wameuzunguka mti wenye mishumaa. Miaka miwili baadaye picha hiyo ilichapishwa tena katika jarida la Marekani.

Nchini Marekani, biashara ya miti hiyo inasimuliwa kuwa ilianza mwaka 1851, mkulima Mark Carr kutoka milima ya Catskill alipopakia miti kwenye magari mawili ya theluji na kuiuza katika soko la mjini New York. Kwa miaka mingi baadaye miti ilikatwa msituni tu, bila kupandwa mingine mahali pake. Mwaka 1901 mkulima W. V. McGalliard wa jimbo la New Jersey alipanda miche 25,000 ya sprusi ya Norwei, na shamba lake hutajwa mara nyingi kuwa la kwanza la miti ya Krismasi nchini humo. Rais Franklin D. Roosevelt naye alipanda miti ya Krismasi kwa ajili ya kuiuza katika mali ya familia yake huko Hyde Park, New York.

Mashamba yaliongezeka katika nusu ya pili ya karne ya 20. Ndipo pia mashamba ya kujikatia yalipopata umaarufu: familia nyingi zilikuwa na magari, na mashamba mengi yalikuwa karibu na miji mikubwa.

Aina za miti

Miti inayotumika zaidi ni ya jenasi tatu: Abies (abiesi), Picea (sprusi) na Pinus (msonobari). Yote ina majani membamba kama sindano, hubaki ya kijani mwaka mzima, na huzaa koni badala ya maua ya kawaida. Kati ya spishi zinazopandwa zaidi kuna hizi:

- Abiesi ya Fraser (Abies fraseri). Majani yake ni ya kijani kilichokoza upande wa juu na yana mistari myeupe upande wa chini. Matawi yake ni imara, na majani hayapukutiki upesi. Ndiyo spishi kuu ya North Carolina. Imepewa jina la John Fraser, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti.
- Abiesi ya balsamu (Abies balsamea). Hutoka Kanada na kaskazini-mashariki mwa Marekani, na hupendwa kwa harufu yake kali.
- Abiesi ya Nordmann (Abies nordmanniana). Asili yake ni milima ya Kaukazi na kaskazini mwa Uturuki. Ndiyo inayopendwa zaidi Ulaya kwa sababu majani yake hayachomi na hudumu muda mrefu.
- Abiesi adhimu (Abies procera) na mti wa Douglas (Pseudotsuga menziesii). Spishi hizi mbili hulimwa sana Oregon. Mti wa Douglas si abiesi halisi, ingawa huuzwa pamoja nazo.
- Sprusi ya Norwei (Picea abies). Ni mti wa zamani wa Krismasi huko Ulaya. Bei yake ni nafuu, lakini majani yake huanguka mapema ndani ya nyumba yenye joto.
- Sprusi ya buluu (Picea pungens). Ina rangi ya kijivu inayoelekea buluu na majani makali yanayochoma.
- Msonobari wa Uskoti (Pinus sylvestris) na msonobari mweupe (Pinus strobus). Wa kwanza hushika majani yake hata ukikauka. Wa pili una majani marefu laini, na matawi yake hayawezi kubeba mapambo mazito.

Hali ya abiesi ya Fraser ni ya pekee. Porini spishi hii hukua tu kwenye vilele vya kusini mwa milima ya Appalachi, katika majimbo ya North Carolina, Tennessee na Virginia. Katika miaka ya 1950 mdudu mdogo anayefanana na kidukari, Adelges piceae, aliyeletwa Amerika kutoka Ulaya bila kukusudiwa, aligunduliwa katika milima hiyo. Mdudu huyo hufyonza gome mpaka mti unashindwa kupitisha maji. Katika miongo iliyofuata sehemu kubwa ya miti mikubwa ilikufa, na vilele vingi vilibaki na vigogo vyeupe vilivyosimama bila majani. Kwa hiyo mti unaolimwa kwa mamilioni kwenye mabonde umeorodheshwa kuwa hatarini kutoweka mahali pake pa asili, umbali wa kilomita chache tu kutoka mashambani.

Kilimo

Miche na upandaji

Mbegu hutolewa katika koni na kuoteshwa kitaluni. Miche hukaa huko miaka miwili hadi mitano kabla ya kuhamishiwa shambani. Mbegu nyingi za abiesi ya Nordmann zinazotumiwa na wakulima wa Ulaya huchumwa katika misitu ya Georgia, nchi ya Kaukazi, hasa katika mkoa wa Racha. Wachumaji hupanda miti inayoweza kuzidi mita 30 ili kufikia koni zilizoko kileleni, kwani abiesi huzaa koni zake juu kabisa. Ni kazi ya hatari ambayo imewahi kufanywa na wengi bila kamba wala mkanda wa usalama.

Shambani miche hupandwa kwa mistari, kwa nafasi ya mita 1.5 hadi 1.8 kati ya mche na mche. Kwa nafasi hiyo ekari moja huchukua takriban miti 1,200 hadi 1,800. Si yote inayofikia kuuzwa: mingine hufa kwa ukame, huliwa na kulungu au hukua ikiwa imepinda.

Mti wa mita 2 huhitaji kwa wastani miaka 7 hadi 10 shambani, kutegemea spishi, udongo na mvua. Misonobari hukua upesi zaidi, abiesi polepole zaidi. Mwenye shamba la kujikatia hugawa ardhi yake kwa mzunguko: kila mwaka hupanda sehemu moja na kuvuna nyingine. Kama mzunguko ni wa miaka minane, huvuna takriban sehemu moja ya nane ya miti yake kwa mwaka. Akiuza zaidi ya hapo kwa sababu wateja ni wengi, hukata miti ambayo ingeuzwa mwaka unaofuata. Kwa sababu hiyo mashamba mengine hufunga milango mapema Desemba ingawa bado kuna miti mingi imesimama.

Kupogoa

Mti wa msituni mara chache huwa na umbo la pia lililojaa kama lile linaloonekana kwenye kadi za Krismasi. Umbo hilo hutokana na kupogolewa. Kila mwaka mfanyakazi hupita mstari hadi mstari akiwa na kisu kirefu au mkasi, akipunguza ncha za matawi ili mti uchipue matawi mengi zaidi ndani. Misonobari hupogolewa mwanzoni mwa majira ya joto, machipukizi yangali laini. Abiesi na sprusi zinaweza kungoja hadi mwishoni mwa majira hayo au baadaye. Mti ukiwa na vilele viwili, kimoja hukatwa, la sivyo hauwezi kuvikwa nyota.

Kazi hii hufanywa kwa mkono. Huko North Carolina na majimbo mengine hufanywa kwa sehemu kubwa na wafanyakazi wa msimu kutoka Meksiko, wanaoingia Marekani kwa viza ya muda ya kazi za kilimo.

Wadudu, magonjwa na hali ya hewa

Maadui wakuu wa miti hiyo ni magugu, vidukari, utitiri, na ugonjwa wa kuoza kwa mizizi unaosababishwa na viumbe vya jenasi Phytophthora. Ugonjwa huo hustawi kwenye udongo unaotuamisha maji. Ukishaingia shambani hauna tiba, na abiesi ya Fraser haina kinga dhidi yake. Wakulima wengine huacha kupanda spishi hiyo katika sehemu zilizoambukizwa, au huipandikiza kwenye shina la chini la spishi nyingine inayostahimili.

Kwa kuwa zao lina miaka mingi ardhini, kosa au janga la mwaka mmoja huonekana sokoni baada ya muda mrefu. Wakati wa mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008 miti ilikuwa mingi kuliko wanunuzi, bei zikashuka, na wakulima wengi wakapanda miche michache au wakaacha kilimo hicho. Upungufu wake ulianza kuonekana karibu na mwaka 2016, na bei zikapanda. Mwishoni mwa Juni 2021 joto kali lilipiga jimbo la Oregon na kuzidi nyuzi 40 za Selsiasi. Miche iliyopandwa mwaka huo ilikufa kwa wingi, na majani ya miti mikubwa yaliungua. Septemba 2024 Kimbunga Helene kilileta mafuriko na maporomoko ya udongo magharibi mwa North Carolina, ambako ndiko kwenye mashamba ya abiesi ya Fraser, kikaharibu barabara na baadhi ya mashamba miezi miwili tu kabla ya msimu wa mauzo.

Kujikatia mti

Msimu na utaratibu

Msimu wa kujikatia nchini Marekani huanza karibu na Sikukuu ya Shukrani, inayoadhimishwa Alhamisi ya nne ya Novemba, na kwisha siku chache kabla ya Krismasi. Hivyo karibu mapato yote ya mwaka hupatikana katika wikendi tatu au nne. Mvua kubwa au dhoruba ya theluji katika wikendi moja inaweza kuwa hasara kubwa. Ili kuongeza kipato, mashamba mengi huuza pia mashada ya matawi mabichi, vinywaji vya moto na vishikilio vya miti, na hupeleka wageni shambani kwa trela linalovutwa na trekta.

Faida ya mti wa kujikatia ni ubichi wake. Miti ya kuuzwa kwa jumla huanza kukatwa mapema Novemba ili ifike masokoni kwa wakati, kwa hiyo huweza kuwa na wiki kadhaa tangu kukatwa inapofika nyumbani. Mti wa kujikatia huwa na saa chache tu.

Kwa kawaida mgeni hupewa msumeno wa mkono na fimbo yenye alama za urefu. Mashamba mengi hayaruhusu msumeno wa injini kwa sababu za usalama. Bei huonyeshwa kwenye kibandiko kilichofungwa mtini, au huhesabiwa kwa urefu. Mashamba mengine huruhusu familia kufika mwezi wa Oktoba kuchagua mti na kuufunga alama, kisha kurudi Desemba kuukata.

Kuchagua

Kabla ya kutoka nyumbani hupimwa urefu kutoka sakafuni hadi darini, na upana wa mahali mti utakaposimama. Mti unapaswa kuwa mfupi kuliko dari kwa angalau sentimita 30, ili kuacha nafasi ya kishikilio na nyota ya kileleni. Kosa la kawaida ni kuuamini macho: chini ya anga la wazi mti wa mita 3 huonekana wa wastani, lakini hauwezi kusimama katika sebule ya kawaida.

Shambani mti hukaguliwa pande zote, kwa kuwa upande uliotazamana na mti jirani huweza kuwa na pengo. Pengo dogo si kasoro kubwa kama mti utasimama karibu na ukuta. Shina linapaswa kuwa limenyooka kwa sentimita 15 hadi 20 za chini, sehemu inayoingia kwenye kishikilio. Huangaliwa pia kama kuna viota vya ndege au vifuko vya mayai ya vunjajungu. Mayai hayo yakiingizwa katika joto la nyumba huweza kuanguliwa katikati ya sikukuu.

Ubichi wa mti hupimwa kwa vidole. Tawi linaposhikwa na kuvutwa taratibu, majani hayapaswi kubaki mkononi. Jani bichi la abiesi likikunjwa huvunjika kwa mlio, ilhali jani bichi la msonobari hupinda bila kuvunjika. Majani machache ya kahawia yanayoanguka kutoka ndani karibu na shina ni ya miaka iliyopita, wala si dalili ya ukavu.

Kukata

Ukataji ni rahisi zaidi kwa watu wawili. Mmoja hupiga magoti au hulala ubavu na kukata karibu na ardhi, chini ya matawi ya chini kabisa. Mwingine hushika mti katikati, na msumeno unapopita nusu ya shina huuvuta kidogo upande usiokatwa ili mpasuko ufunguke na msumeno usibanwe. Mti hauvunjwi kwa kusukumwa, kwa sababu shina huweza kupasuka na gome kuchunika.

Mashamba mengi hutaka kisiki kiachwe kifupi ili kisikwaze watu na mashine. Mengine hutaka kinyume chake, yaani mti ukatwe juu ya duara la matawi ya chini yaliyo hai. Tawi moja kati ya hayo huinuka na kuwa mti mpya kwenye mizizi ileile, na hivyo mkulima huokoa miaka michache ya kungoja. Kwa sababu hiyo mgeni huuliza kwanza desturi ya shamba husika.

Baada ya kukatwa, mti hupelekwa kwenye mashine ya kutikisa, ambayo huangusha majani makavu na wadudu. Kisha huvutwa kupitia mdomo wa chuma wenye umbo la faneli na kutoka upande wa pili ukiwa umefungwa kwa wavu. Juu ya gari hulazwa shina likielekea mbele, ili upepo upite kwa mwelekeo wa matawi badala ya kuyakunjua.

Katika misitu ya umma

Njia nyingine ya kujikatia ni katika misitu ya taifa. Huduma ya Misitu ya Marekani huuza vibali vya kukata mti mmoja au michache kwa matumizi ya nyumbani, kwa ada ndogo, katika maeneo na kwa spishi zilizotajwa kwenye kibali. Kwa kawaida maeneo hayo ni yale ambako miti michanga imesongamana, hivyo kupunguza baadhi yake husaidia msitu. Wanafunzi wa darasa la nne wenye pasi maalumu ya serikali hupewa kibali kimoja bure.

Matunzo nyumbani

Mti uliokatwa huendelea kunywa maji kama ua lililomo chomboni. Lakini jeraha la shina hufunikwa na utomvu baada ya saa kadhaa, na maji hayapiti tena. Kwa hiyo kama muda umepita tangu kukatwa, kipande cha sentimita 1 hadi 2.5 huondolewa chini ya shina kabla tu ya kuliweka majini. Gome halichongwi ili shina lienee kwenye kishikilio, kwa sababu tabaka za nje ndizo zinazopitisha maji vizuri zaidi.

Kipimo kinachotumika ni lita 1 ya maji kwa siku kwa kila sentimita 2.5 za kipenyo cha shina. Mti wenye shina la sentimita 10 unaweza kunywa lita 4 katika siku ya kwanza. Maji ya kawaida yanatosha. Kuongeza sukari, aspirini au dawa nyingine hakuna faida iliyothibitishwa. Jambo kuu ni kutoruhusu maji yashuke chini ya ncha ya shina hata kwa siku moja, la sivyo utomvu huziba na mti huanza kukauka ingawa kishikilio kimejazwa tena.

Mti uliotunzwa hivyo hudumu wiki nne au zaidi. Mti uliokauka ni hatari. Moto unaoanzia kwenye mti wa Krismasi hutokea mara chache, lakini ukitokea hushika chumba kizima kwa muda mfupi sana, kwa sababu majani makavu yana mafuta na utomvu. Mti huwekwa mbali na jiko, kipasha joto na mishumaa, hauzibi mlango wa kutokea, na taa zake huzimwa usiku. Taa za umeme mtini zilianza kutumika mwaka 1882, Edward H. Johnson, mshirika wa Thomas Edison, alipopamba mti nyumbani kwake New York. Kabla ya hapo mishumaa halisi iliwashwa kwenye matawi, na ndoo ya maji iliwekwa karibu.

Baada ya sikukuu

Katika miji mingi ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini miti hukusanywa mwezi wa Januari na kusagwa kuwa matandazo ya bustani. Huko Louisiana miti iliyotumika hufungwa pamoja na kuwekwa katika maeneo ya kinamasi ya pwani ili kupunguza nguvu ya mawimbi na kushika tope. Katika fukwe nyingine hufukiwa mchangani ili kujenga upya matuta. Miti ambayo haikuuzwa hupelekwa pia kwenye bustani za wanyama: mjini Berlin hupewa tembo na wanyama wengine kama chakula.

Mjadala wa mazingira

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama kukata mti halisi kunadhuru mazingira kuliko kununua wa plastiki. Kwa makadirio ya Carbon Trust, shirika la Uingereza, mti halisi wa mita 2 ukichomwa au kusagwa husababisha gesi joto zinazolingana na takriban kilo 3.5 za dioksidi kabonia. Ukitupwa jalalani na kuoza bila hewa, kiasi hicho hufikia kilo 16, kwa sababu hutoa methani. Mti wa plastiki wa kimo hicho hukadiriwa kuwa takriban kilo 40. Maana yake ni kwamba mti wa plastiki unapaswa kutumika zaidi ya miaka 10 ili ulingane na mti halisi ulioondolewa vizuri.

Upande wa pili, mashamba ya miti hiyo hutumia viuagugu na viuawadudu, na shamba la spishi moja haliwezi kuwa makazi ya viumbe wengi kama msitu. Watetezi wake husema kwamba hupandwa mara nyingi kwenye miteremko isiyofaa mazao mengine, hushika udongo, na kwamba kwa kila mti unaokatwa miti mingine mingi ya umri mdogo inabaki imesimama. Safari ya mnunuzi nayo ina uzito wake, kwani kwenda shamba la mbali kwa gari kunaweza kuondoa faida yote.

Afrika Mashariki

Abiesi na sprusi hazilimwi kwa kawaida katika Afrika Mashariki. Katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania mti wa Krismasi unaojulikana zaidi ni saipresi (Cupressus lusitanica), mti wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati ulioletwa kwa ajili ya mbao na kupandwa pia kama ua wa shamba. Mwezi wa Desemba miti michanga au matawi yake huuzwa kandokando ya barabara, kwa mfano mjini Nairobi. Nyumba nyingi hazinunui mti mzima: tawi lililokatwa kwenye ua na kusimamishwa ndani ya ndoo ya mchanga au mawe hutosha. Pwani, ambako saipresi haistawi vizuri, baadhi ya familia hutumia mvinje (Casuarina equisetifolia), ambao vijiti vyake vyembamba vinavyoning'inia hufanana na majani ya msonobari ingawa si wa jamii hiyo. Mijini miti ya plastiki imeenea pia.

Kukata miti katika hifadhi ya misitu bila kibali ni kosa kisheria, katika Kenya chini ya sheria ya misitu ya mwaka 2016 na katika Tanzania chini ya ile ya mwaka 2002. Saipresi changa iliyokatwa kilele haiwezi kuwa mti mzuri wa mbao baadaye, kwa hiyo kukata ovyo humpunguzia mwenye shamba mapato ya miaka mingi. Njia mbadala ni mche uliomo ndani ya chungu au kopo, ambao huwekwa sebuleni kwa siku chache na kupandwa nje mvua zinaponyesha.

Tazama pia

Krismasi
Msonobari
Mvinje
Noeli
Upandaji miti